Matunda Yaliyobonyezwa

Fungeni vitabu vyenu kidogo, wapendwa, nami nafunga changu. Nataka kuwapa habari ya mama mmoja na mti wake. Jina lake silitaji. Kila nikitaja jina katika mifano yangu, kuna mtu humu ndani hujikuta ana shangazi wa jina hilo, na wiki nzima natembea kijijini nikinuniwa. Basi tuseme ni mama mmoja tu, mjane, wa huko kwenye baridi ambako watu huvaa koti hata wakiwa wamekaa kando ya moto.

Nyuma ya jiko lake kulikuwa na mviru. Wazee mnaujua mviru. Vijana mliozoea tunda la kufungwa kwenye plastiki hamuujui, kwa hiyo vumilieni niwaeleze. Ni mti mfupi, na tunda lake, ambalo ndilo viru, likiwa bichi ni la kijani na gumu; ukimrushia mtu kichwani mnaweza kufikishana kwa balozi wa nyumba kumi. Likiiva linageuka kahawia, ngozi inakunjamana, na nyama ya ndani inakuwa laini, tamu, yenye uchachu wa mbali. Asiyelijua huona limeoza. Anayelijua hula mpaka akazilamba mbegu.

Sasa ukiliacha liive mtini, walaji ni tumbili. Ndiyo maana mama yule alikuwa na utaratibu wake wa kuyavundika. Tunda likianza tu kupauka, alilichuma pamoja na kikonyo chake, akalifuta kwa kitambaa, akalipanga kwenye chungu kikubwa juu ya majani makavu ya mgomba. Safu ya matunda, safu ya majani, mpaka juu. Kisha akaufunga mdomo wa chungu kwa kamba ya mgomba na kukiweka kwenye kona ya ghala, siku tisa. Ndani ya siku hizo tisa hakuna mkono unaoingia humo. Alisema tunda hili halipimwi kwa kidole, maana pale ulipolibonyeza haliivi tena, linaoza kuanzia hapo kwenda ndani. Aliwahi kumpiga kibao cha mkono mke wa mwinjilisti, mtu mzima, kwa sababu alitaka kuhakikisha tu.

Basi watu walimsifu. Siku ya mavuno kanisani, sahani yake ya viru ndiyo iliyotangulia mbele, na kila mtu aliiangalia, hata mchungaji, Mungu amsamehe.

Mama huyu alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, aliyefanya kazi mbali, kwenye kiwanda cha chai, akirudi nyumbani mwisho wa mwezi. Mkewe, binti mpole wa kata ya ng'ambo, aliishi na mama mkwe pale nyumbani. Na huyu binti hakuwa wa kwanza. Alikuwapo mwingine kabla yake. Huyo wa kwanza alikaa mwaka na nusu, kisha asubuhi moja akatoka kwenda kuteka maji, na mchana wakaikuta ndoo kisimani imejaa mpaka juu, yeye mwenyewe hayupo. Hakusema neno, wala hakugombana na mtu. Mpaka leo mama hajui alikosea wapi, au tuseme hakutaka kujua.

Mwanawe alipooa tena alimwambia mama yake jambo moja tu. Alisema, "Mama, huyu naye akiondoka, mimi sitaoa tena. Nitabaki hukohuko kwenye chai." Kijana hakusema kwa hasira, alisema kwa uchovu, na hilo ndilo lililomtisha mama. Akajiona amekaa peke yake kwenye nyumba ile, anapika chungu kidogo, hana mjukuu, hana wa kumwambia mvua inakuja anua nguo. Tangu siku ile hofu ikahamia kwake na mizigo yake yote.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mama alishtuka kila siku. Binti akichelewa kidogo kutoka kisimani, mama amekwisha simama kwenye njia. Binti akifunga mlango wa chumba chake, mama anamwita waje watafute sindano, na sindano anayo kwenye upindo wa kanga. Asubuhi anamwuliza amelalaje. Wakati wa uji anamwuliza kama kweli amelala. Mchana anamwuliza kwa njia ya mbali, kwamba eti watu wengine hukumbuka kwao, je, yeye hakumbuki? Binti akijibu kwamba hakumbuki sana, mama anapata hofu kwamba anaficha. Akijibu kwamba anakumbuka kidogo, mama halali usiku.

Siku moja akafanya kubwa. Alimwendea yule mke wa mwinjilisti, yule wa kibao, akamwomba aende akamseme vibaya yeye mwenyewe mbele ya binti. Mnacheka. Lakini ndivyo alivyofanya. Alitaka kujua binti atajibu nini. Mke wa mwinjilisti akaenda, akachambua mchicha pamoja na binti, akasema mama mkwe wako ni mtu wa maneno, ana macho ya nyuma, wewe unamwezaje? Wapo humu wanaoamini kwamba alisema zaidi ya alivyotumwa, maana kile kibao hakijapoa. Binti akasema mama ananifundisha kazi. Basi. Habari ilipomfikia mama, alifurahi siku nzima, akamchinjia binti kuku. Kesho yake kulipokucha likamjia wazo: je, kama binti alijua kwamba yule ametumwa?

Ndugu zangu, hofu ina tumbo lisilojaa. Unailisha jibu leo, kesho inaamka na njaa ileile.

Na mnielewe vizuri hapa, msije mkamchukia huyu mama. Alimpenda binti. Alimwekea nyama iliyo nzuri kwenye sahani. Binti alipougua malaria alilala miguuni pake siku tatu. Hakuwa mama mkwe wa kwenye hadithi, yule mwenye pembe. Alikuwa mtu aliyependa huku roho iko juu, na mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kitu kikae.

Ukafika msimu wa viru. Wakachuma wote wawili, mama juu ya kigoda, binti chini anapokea. Walipomaliza kufuta na kupanga, mama akasema mwaka huu chungu kitakaa chini ya mkono wa binti. Ufunguo wa ghala akampa yeye. Siku ya kukifungua ni siku ya tisa, kisha Jumapili inayofuata binti mwenyewe ndiye atakayebeba sahani mbele ya watu. Binti akapiga goti kupokea ule ufunguo, maana alijua thamani ya kitu alichopewa.

Heshima kubwa, siyo? Hata mama mwenyewe aliamini kwamba anatoa heshima. Lakini alipofunga ile kamba ya mgomba, alifunga fundo la kwake, la kuzungusha kulia mara mbili, ambalo alifundishwa na bibi yake. Na kila asubuhi, binti akiwa anakamua maziwa, mama aliingia ghalani kwa ufunguo wa pili, ambao hakuutaja, akalitazama fundo lake.

Siku ya kwanza fundo lilikuwa sawa. Siku ya pili lilikuwa sawa. Siku ya tatu fundo lilikuwa limezungushwa kushoto.

Presha ilimpanda mama pale pale mbele ya chungu. Kwa hiyo anakula. Au hali, anampelekea mtu. Nani? Au anayaweka akiba ya safari. Alitoka ghalani bila kumwuliza binti, kwa sababu alitaka kwanza ajue mwisho wake. Siku ya nne akatazama: fundo la kushoto, lakini limekazwa upya. Siku ya tano hivyohivyo. Mezani alimtazama binti mdomoni aone kama ana rangi ya tunda. Usiku aligeuka kitandani mpaka kitanda kikalalamika. Alimpigia mwanawe simu akamwuliza kama mkewe amemwambia lolote. Mwanawe akauliza lolote kama nini. Mama akasema basi tu, akakata. Sasa hofu ikawa imepiga hodi mpaka kule kiwandani, na kijana naye akampigia mkewe kuuliza kuna nini nyumbani. Binti akasema hakuna kitu. Na ni kweli hakujua kuna kitu gani.

Siku ya tisa ikafika. Mama akaweka mkeka uani, binti akakitoa chungu kwa mikono miwili. Mama akafungua yeye mwenyewe. Akatoa majani, akayapanga matunda juu ya mkeka moja moja, huku akihesabu kimoyomoyo, maana siku ya kuvundika alikuwa amehesabu. Hakuna hata moja lililopungua.

Mngedhani angeshusha pumzi. Lakini alipolishika tunda la kwanza akaligeuza, aliona alama. Nyeusi, ya mviringo, imebonyea ndani, na kando yake maji machachu yanatoka. Akageuza la pili, nalo lina alama. La tatu. La kumi. Chungu kizima kilikuwa kimepitiwa na kidole gumba cha mtu, na mengine yalikuwa na alama nne, tano, pande zote. Yaliyokuwa chini kabisa, ambako mkono haukufika, ndiyo tu yaliyoiva kama inavyotakiwa. Hayakujaza hata bakuli la uji.

Mama akamtazama binti. Akamwuliza, "Umeyabonyeza wewe?"

Binti akapiga magoti palepale kwenye mkeka. "Ndiyo, mama."

"Mara ngapi?"

"Kila siku tangu ile ya pili, mama. Niliogopa yasije yasiive, halafu Jumapili nikakuaibisha."

"Si nilikuambia? Si nilikuambia kwa kinywa changu kwamba tunda hili halipimwi kwa kidole?"

Binti aliinamisha kichwa. Alipojibu hakukuwa na ujeuri ndani ya sauti yake. Angekuwa na ujeuri mama angepata pa kushika. Alisema, "Uliniambia, mama, nisamehe. Lakini tangu nije nyumba hii sijaona kitu unachokipenda ambacho hukibonyezi. Nikadhani ndivyo kinavyotunzwa."

Wapendwa, mama yule alikaa chini. Alilishika lile tunda la kwanza mkononi akalitazama lile doa jeusi, na akajua ni kidole cha nani. Kilikuwa cha binti, lakini mafunzo yalikuwa ya mama. Akaikumbuka sindano. Akakumbuka mchicha wa mke wa mwinjilisti. Akakumbuka ule ufunguo wa pili, uliokuwa kwenye upindo wa kanga yake saa ileile, na aliona haya mbele ya mtoto aliyepiga magoti. Akamwambia, "Inuka, mwanangu."

Jumapili sahani yao ilikwenda mbele ikiwa na matunda machache sana, na watu wakanong'ona.

Sasa Jumatatu. Binti alikuja jikoni akaomba ruhusa. Dada yake amejifungua huko ng'ambo, naye angependa kwenda kumwona mtoto na kuwasalimu wazazi. Alisema kwa sauti ndogo na macho chini, kwa sababu alijua maswali yanayokuja. Kila mara alipoomba kwenda kwao yalikuja yaleyale: unarudi lini, siku ipi, asubuhi au jioni, na utapanda gari la nani? Mara ya mwisho mama alichukua hata namba ya simu ya kondakta.

Mama akafungua mdomo. Lile neno "lini" lilikuwa limekwisha fika kwenye ulimi. Nawaambia, ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima ekari. Moyo wake ulikuwa unampigia kelele kwamba hivi ndivyo yule wa kwanza alivyokwenda, kwa upole, kwa sauti ndogo. Kwamba mtu aliyeaibishwa juzi hawezi kurudi. Kwamba uliza tu, uliza mara moja hii ya mwisho, ujue. Akaufunga mdomo. Akaenda kwenye kabati, akachukua viru vichache vizuri vilivyobaki, vile vya chini ya chungu, akavifunga kwenye kitambaa safi ili binti ampelekee dada yake aliyejifungua.

Akamsindikiza, maana mgeni na mwenyeji wote husindikizwa. Lakini hakufika stendi. Alisimama penye ua wa michongoma. Binti akapiga hatua kadhaa, kisha akageuka, akasimama, kana kwamba kuna mzigo amesahau.

"Mama," akasema, "leo huniulizi nitarudi lini?"

"Sikuulizi, mwanangu. Wasalimie wote. Mbusu mtoto."

Binti akakipakata kile kitambaa cha viru. Halafu akaenda.

Ilipita siku ya kwanza. Mama aliitumbukiza simu kwenye debe la unga ili mkono usiifikie bila kuchafuka. Siku ya pili aliitoa, akaifuta, akairudisha. Siku ya tatu mwanawe akapiga, naye hakumwuliza habari za mkewe. Alimwuliza kama amekula. Kijana akastaajabu, akauliza kama mama anaumwa. Siku ya nne alilima. Siku ya tano alilima tena sehemu ileile. Siku ya sita mvua ilinyesha, na kila hodi ya tone kwenye bati ilimfanya ageuke mlangoni. Hofu haikuondoka, msidhani iliondoka. Ilikaa naye mezani, lakini safari hii hakuipa mkono wake iutumie.

Mimi mfano wangu unaishia hapo.

Aa, naona. Naona huyo mama kule nyuma amesogea mbele ya kiti, na wazee wa kanisa wananitazama kana kwamba nimewapunja. Mnataka kujua kama alirudi. Mnataka niwaambie sasa hivi, ili mtulie, ndipo mkubali kwamba mama alifanya vyema. Akirudi, mtasema kumbe inafaa kumwacha mtu apumue. Asiporudi, mtasema mnaona, angemwuliza. Ndugu zangu, mmeona kidole gumba chenu kilipo? Hata tunda la kwenye hadithi tumeshindwa kuliacha dakika moja.

Ndivyo tulivyo sisi. Mume analala, sisi tunashika simu yake. Mtoto yuko shule ya bweni, tunampigia mwalimu mara mbili kwa siku, na mtoto akija likizo tunamhoji kama polisi, kisha tunashangaa kwamba hazungumzi. Mtu ametuomba msamaha, tumemsamehe, lakini kila Jumamosi tunamkumbusha kidogo tuone kama bado anaumia. Tunasema ni upendo. Na kweli ni upendo, sikatai. Lakini nyama ya mtu haitofautishi kidole kinachobonyeza kwa upendo na kinachobonyeza kwa ubaya. Inaweka doa lilelile.

Na nisijitoe. Mke wangu yupo hapo, atawaambia. Kila Jumapili nikifika nyumbani namwuliza, mahubiri yalikuwaje? Anasema yalikuwa mazuri. Wakati wa chai namwuliza tena. Sasa ameanza kusema yalikuwa mazuri kabla sijavua viatu, na mimi siamini tena.

Je, na Mungu tunamfanyia nini? Tunaomba Jumatatu, tukamwachia Bwana jambo letu, tukafunga kwa amina. Jumanne tumekwisha fungua. Tunauliza kama amesikia, tunamwekea siku, tunamtafutia ishara kwenye ndoto na kwenye kunguru aliyetua juu ya paa. Tunasema tumeamini, na ufunguo wa pili tunao kwenye upindo. Jambo ambalo lingeiva gizani kwa siku tisa tunalitoa nje kila asubuhi kulitazama, halafu tunamlaumu Bwana kwamba halijaiva.

Sisemi usijali. Ningekuwa mwongo kusema hivyo mbele ya watu wenye watoto. Jali mpaka usingizi uishe ikibidi. Lakini yule unayemjali mpe siku zake.

Basi, yupo mtu humu ambaye tangu nianze kuhubiri amekwisha gusa simu mfukoni mara tatu, anataka kumwandikia fulani amwulize yuko wapi, yuko na nani, na mbona hajajibu. Nakuomba kwa upole. Mwache leo. Kesho umsalimie tu, usiulize kitu.

Tusimame, tuimbe, halafu twende nyumbani taratibu.